Taulo Lililobaki Msumarini

Siku hela zilipobaki, hakuna aliyezigusa.

Zilikaa juu ya meza, zimewekewa kikombe zisipeperuke, na mume na mke wanaziangalia kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Kwa miaka mitatu robo ya mshahara wa Mama Kiroboto ilikuwa haifiki nyumbani. Ikitoka mkononi mwa tajiri wake, pale kwenye duka la dobi anakopiga pasi, inakwenda moja kwa moja kwa Bibi Mlezi, yule mama mtu mzima wa nyuma ya shule anayelea watoto wa watu chumbani kwake. Mwezi huu haikwenda. Mtoto wao ametimiza miaka sita, ameanza darasa la kwanza, shule haina ada, na anakwenda na kurudi kwa miguu yake mwenyewe. Kiroboto ni jina alilopewa na baba yake kwa sababu hatulii mahali hata dakika moja, na lilivyomganda, hata mwalimu wake anamwita hivyo hivyo.

"Mashine," alisema Baba Kiroboto.

"Ndiyo salamu hiyo?"

"Mashine ya kuchonga funguo, mke wangu. Yule mzee wa mtaa wa juu anauza yake, macho yamemgomea. Anataka nitangulize kidogo, nyingine nimalizie mwezi hadi mwezi. Hela hii hii tuliyokuwa tunampa Bibi Mlezi."

Tusimwonee. Mtu huyu alikuwa na haki ya kuota mashine. Ni fundi kufuli, anakaa kwenye kona chini ya mwavuli uliotoboka, na ufunguo mmoja anauchonga kwa tupa nusu saa nzima mpaka vidole vinakufa ganzi. Wateja wanamsimamia kichwani muda wote huo. Akiitwa nyumbani kwa mtu kufungua mlango, mwenye nyumba anamwangalia mikono, na akimaliza anaambiwa, "Wewe sasa unajua kuingia kwangu, siyo?" Wanacheka wenyewe. Naye anacheka, kwa sababu bado hajalipwa.

"Na mimi je?" Mama Kiroboto aliuliza. "Nimesema miaka mingapi nataka meza yangu ya kupigia pasi, hapo barazani? Jana tajiri kanifungua mkoba tena. Katoa kopo langu la chakula, kalifungua, kalinusa, kaangalia chini ya kijiko. Mbele ya wateja. Utafikiri mtu anaweza kuficha suti ya harusi chini ya kijiko."

"Pole."

"Sitaki pole, nataka meza."

Walivutana mpaka wakachoka. Mwishowe wakaelewana hivi: mashine kwanza, kwa kuwa mwenyewe hawezi kusubiri, na ikishaanza kuzaa, meza ifuate. Hela ya kutanguliza itapelekwa Jumamosi asubuhi. Walipofika hapo wote wawili walikuwa na furaha ya kweli, furaha ya watu ambao hawajawahi kubishana juu ya hela zilizopo.

Kiroboto akatokea chini ya meza.

"Na Mwenzangu mmemwekea ngapi?"

Baba yake akacheka. Mwenzangu walikuwa wamemzoea. Ni mtu wa kichwani mwa mtoto, hivyo ndivyo walivyoamini tangu mwanzo. Mwenzangu hapendi kelele, Mwenzangu ana kikohozi, mbakizie Mwenzangu kidogo. Watoto wana mambo yao.

"Mwenzako mwambie afanye kazi kama sisi," alisema baba.

"Yeye ni mdogo," Kiroboto alijibu, na wala hakucheka.

Ilikuwa wakati wa kumwogesha. Mama akanyoosha mkono nyuma ya mlango kutafuta taulo la njano, mkono ukagusa ukuta. "Ala! Nimeliacha kwa Bibi."

Hapa lazima nieleze, maana pasipo hili mengine hayataeleweka. Kwa Bibi Mlezi kila mtoto alikuwa na taulo lake na msumari wake, ukutani, kando ya mlango. Mchana wanalalia, jioni yanatundikwa. Mzazi akija haingii ndani. Anasimama kizingitini, anashusha taulo la mwanawe, na mtoto akiona taulo limeshuka anavaa viatu na kutoka. Bibi hakuruhusu njia nyingine. Watoto aliwalea wengi, macho yake si ya jana, na wazazi wengine huwatuma majirani na mashangazi. Kwa hiyo aliweka kanuni moja tu: taulo likiwa msumarini, mtoto yupo, aliyelishusha ndiye aliyemchukua. Siku ya mwisho Mama Kiroboto alikuwa amebeba beseni, kikombe, ndala na mtoto mwenyewe mgongoni, huku akicheka na kuaga kwa sauti, na taulo hakulishusha.

"Nitalipitia siku nyingine," alisema.

Hakulipitia.

*

Jumanne Kiroboto alirudi shuleni amenuna. Akaweka mkoba chini, akasimama katikati ya chumba bila kuruka wala kugusa kitu. Mama yake alikuwa na homa siku ile, hakwenda kazini. Alimwangalia kwa wasiwasi, kwa sababu mtoto yule kusimama kimya hakujawahi kumaanisha jambo jema.

"Umepigwa?"

"Hapana."

"Basi nini?"

"Tulikuwa tunacheza karibu na ukuta wa Bibi. Bibi akaanza kuita majina. Akaniita."

"Amekuita wewe? Pengine amesahau kwamba umeondoka, mzee yule. Miaka mitatu alikuwa anakuita kila siku."

"Akaniita, halafu nikajisikia nikiitika."

"Uliitika kutoka uwanjani?"

"Hapana, mama. Mimi sikufungua mdomo. Niliitika kule ndani. Nilijisikia nikisema 'Nipo'."

Mama Kiroboto alimshika paji la uso. Lilikuwa la baridi. La moto lilikuwa la kwake. Akasema maneno ambayo wazazi husema, kwamba amesikia vibaya, kwamba watoto wote sauti zao ni moja. 

*

Kesho yake, saa saba mchana, Baba Kiroboto aliitwa kwa Bibi Mlezi. Kitasa cha mlango kimekwama, njoo upesi, watoto wako ndani.

Alikifungulia kwa nje, kazi ya dakika kumi. Kilikuwa na kutu tu. Mlango ulipoachia akasukuma kidogo. Ndani kulikuwa na giza la mapazia na joto la pumzi za watoto waliolala. Zamani walijaa mpaka mlangoni. Sasa alihesabu watano. Shule nayo imefungua darasa la wadogo, bure, na wazazi wamehama mmoja mmoja. Ukutani misumari ilikuwa mitupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Haya, Bibi, hiki hakitakusumbua tena," alisema.

"Shh!" Bibi Mlezi aliweka kidole mdomoni. "Usimwamshe mwanao."

Fundi akacheka chini chini. "Mwanangu yuko shule, Bibi."

Bibi Mlezi alinyoosha kidole kwenye kona. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, mtulivu, asiye na mzaha. "Taulo lake si lile pale?"

Alitazama. Kwenye kona, nyuma ya pazia lililovutwa nusu, mtoto wa kike alikuwa amelala amewapa mgongo, amejifunika taulo la njano. Taulo lile analijua. Lina alama ya kahawia ya ncha ya pasi, siku mkewe aliposinzia kazini akaliunguza. Kichwa kilikuwa kimesukwa mistari minne kwenda nyuma, kama anavyosukwa Kiroboto. Mguu mmoja ulikuwa nje, na unacheza cheza, kama mguu wa Kiroboto unavyocheza akiwa usingizini.

Alikusanya bisibisi zake, akatoka, hela ya kazi akaisahau. Alipofika kwenye njia ya shule akaanza kukimbia, mtu mzima na sanduku la vyuma likigonga paja. Akachungulia dirisha la darasa la kwanza. Kiroboto alikuwa amekaa benchi la pili, anachokonoa pua na kuangalia ubao.

Ungedhani moyo wake ungetulia. Haukutulia. Mtoto mmoja huwezi kumwona mahali pawili, na yeye alikuwa amemwona. Alirudi kwenye kona yake, akachonga ufunguo, akauharibu, akachonga mwingine. Jioni mkewe alipomuuliza mbona hali chakula, alisema jino linamuuma. Huyu ndiye mwanamume ambaye akisikia jirani anazungumzia mizimu humwambia akanywe maji akalale.

*

Ijumaa, kazini, mpiga pasi mwenzake alimgeukia Mama Kiroboto katikati ya mvuke wa pasi. Mwenzake huyo alikuwa bado anamwacha mtoto wake mdogo kwa Bibi Mlezi.

"Shoga, samahani kukuuliza. Wewe na mumeo mmegombana?"

"Kwa nini?"

"Jana nimechelewa kumfuata wangu. Wengine wote wamekwisha kuchukuliwa. Nikamwona Kiroboto gizani, kakaa peke yake chini ya msumari, kavaa viatu, kainamisha uso, anasubiri. Nikamwambia, 'Mama anakuja, eh?' Akasema, 'Akishusha.' Nikajisikia vibaya. Kama una shida ya kumfuata, nimchukue mimi."

Mama Kiroboto aliacha pasi juu ya shati. Harufu ndiyo iliyomzindua. Tajiri akaja, akaliinua shati mbele ya watu wote, akalionyesha kama bendera. "Hili utalilipa. Na mkoba wako niletee sasa hivi, usisubiri jioni." Alimletea. Alisimama akiangalia kopo lake likinuswa, na kwa mara ya kwanza hakusikia aibu yoyote. Alikuwa na hofu, na hofu ilikuwa imejaa mpaka aibu ikakosa pa kukaa.

Nyumbani alimkuta mumewe amekwisha kuoga, amevaa shati safi, hela za mashine zimo mfuko wa kifuani. Mtu anayejua kufuli haamini kufuli. Siku mbili alikuwa anatembea nazo.

"Naenda kuchukua taulo la mwanangu," Mama Kiroboto alisema, hajavua hata viatu.

"Usiende."

Alisema haraka mno. Wakatazamana.

"Baba Kiroboto. Umeona nini?"

Akamweleza. Alieleza akiangalia sakafu, mpaka kwenye mguu unaocheza. Alipomaliza, mkewe naye akaeleza ya kwake. Kiroboto alikuwa mlangoni, anaruka kizingiti ndani nje, ndani nje, anawasikiliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mwanetu wako wawili?"

"Nalishusha hilo taulo leo," alisema Mama Kiroboto. "Nalishusha, nalichoma moto. Mambo yaishe."

Wakamwacha mtoto kwa jirani wa mlango wa pili, wakatoka.

*

Ilikuwa karibu saa kumi na mbili, jua bado lipo juu ya mabati. Bibi Mlezi alikuwa anaita majina, kama anavyofanya kila siku kabla wazazi hawajaanza kufika. Walisimama nje ya mlango wakisikiliza. Aliita wanne, wanne wakaitika.

"Kiroboto!"

"Nipo!"

Mama Kiroboto alishika mkono wa mumewe. Ile ilikuwa sauti ya mtoto wake. "Nipo" ya haraka, yenye kuruka mwishoni. Alitamani kukimbia, na kitu pekee kilichomzuia ni kwamba angekimbia akimwacha mwenye sauti ile ndani.

"Hodi, Bibi," alisema.

"Karibu, Mama Kiroboto. Umechelewa. Wiki nzima."

"Bibi, nani huyo unayemwita?"

"Si unajua."

"Sijui! Mwanangu nimemwacha nyumbani sasa hivi!"

Bibi Mlezi alijifuta mikono kwenye nguo yake. Hakukasirika. Alivuta kigoda, akakaa kizingitini, akaongea polepole.

"Mwaka juzi aliletwa mtoto hapa. Mama yake msichana tu, kanyeshewa. Kasema atarudi mwisho wa mwezi, ana kazi mahali. Hakuacha taulo, hakuacha jina. Mwenyewe alikuwa akimwita 'mwanangu' tu. Hakurudi. Nimekwenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza wameniambia nilete karatasi za mtoto. Mara ya pili, nimlete mama yake kwanza. Mara ya tatu wameniuliza mimi nina kibali cha kulea. Sikurudi tena."

"Mbona hatujawahi kumwona?" Baba Kiroboto aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo.

"Jioni nilikuwa namweka nyuma ya pazia, asione mataulo ya wenzake yakishuka. Na ninyi mlikuwa hamwingii ndani. Wa kwenu ndiye aliyemgawia taulo. Walilala nusu kwa nusu. Alimfundisha kusema, kuruka, kila kitu. Akisukwa wa kwenu, siku ya pili huyu anakuja kwangu na kitana, naye nimsuke vile vile. Na chakula, niseme uongo? Hela mliyokuwa mnalipa ninyi ililisha wawili. Watoto wengine mama zao wananidai chenji. Ninyi hamkuwahi kuuliza."

Mama Kiroboto alikumbuka. Mwenzangu ana kikohozi. Mbakizie Mwenzangu.

"Wa kwenu alipoondoka," Bibi aliendelea, "huyu hakula siku mbili. Siku ya tatu naita majina, nikasahau, nikaita Kiroboto. Akaitika. Akala sahani nzima. Nifanyeje? Taulo liko msumarini. Kwa kanuni yangu, mtoto yupo."

"Na sasa?" Mama Kiroboto aliuliza.

"Sasa nafunga. Wanne wanaolipiwa hawatoshi kodi ya chumba. Mwisho wa mwezi huu nakwenda kwa mwanangu, na mwanangu ana chumba kimoja na mke asiyenipenda."

Baba Kiroboto aligusa mfuko wa kifua. Aliona mashine, aliiona vizuri kabisa, na kigurudumu chake kinachozunguka, na dakika zake mbili kwa kila ufunguo. Akaona aibu kwamba anaiona.

"Mama Kiroboto, twende," alisema. "Tutakwenda ofisini Jumatatu, tutasema. Twende, tafadhali."

"Ndiyo. Twende. Nachukua taulo tu."

Nami nitakwambia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu baadaye mwenyewe alishindwa kujieleza. Hakuwa amekata shauri lolote. Alikuwa amechoka, ameogopa, na mbele yake kulikuwa na msumari ambao kwa miaka mitatu, saa hii hii, mkono wake uliuendea bila kumuuliza. Mkono ukaenda. Taulo likashuka.

Nyuma ya pazia viatu viliburuzika.

Mtoto alitoka. Alikuwa mfupi kuliko Kiroboto, mwembamba zaidi, uso tofauti kabisa, uso ambao hawajawahi kuuona maishani mwao. Viatu amevaa kulia kushoto. Aliwapita wenzake bila kuaga, akafika kizingitini, akanyoosha mkono juu, vidole wazi, kama mtoto anayejua kwamba mkono wa mtu mzima uko hapo hapo.

"Mama Kiroboto," mumewe alinong'ona. "Lirudishe."

Angeweza kulirudisha. Msumari ulikuwa umbali wa kiganja. Bibi Mlezi aliinamisha macho asimwone akifanya hivyo, kama angefanya. Mtoto naye aliuangalia msumari, akaliangalia taulo, akasubiri. Hakulia. Kusubiri ndiko alikokujua kuliko kitu kingine chochote.

Mama Kiroboto akamshika mkono. Ulikuwa wa moto, na mdogo mno.

*

Kiroboto alikuwa barazani kwa jirani, anaruka. Alipowaona aliacha, akaja mbio, akawapita wazazi wake bila salamu. Alimtazama mtoto miguuni.

"Umegeuza tena," alisema, akachuchumaa, akambadilishia viatu. Kisha akawainulia wazazi wake uso. "Mmechelewa sana. Mimi nilimwambia nikitoka kwa Bibi hela yangu itabaki, mtaenda kumchukua. Nilimwambia siku ya mwisho tukiagana, na kweli mkaiweka mezani."

Baba yake alikaa chini kwenye ngazi. Alikaa hapo kitambo kirefu, mikono magotini, na watoto wale wawili walimruka na kumpita kama vile ni sehemu ya ngazi. Halafu aliingia ndani, akazitoa hela kifuani, akaziweka mezani, akaweka kikombe juu. Akatafuta nyundo na msumari, akapigilia nyuma ya mlango, chini zaidi ya ule wa zamani, mahali mtoto mfupi anapofika.

Mama Kiroboto alikuwa anajaza maji kwenye beseni, amewapa mgongo. Aliita bila kufikiri, kama anavyoita kila jioni.

"Kiroboto! Njoo unawe."

"Nipo!"

Sauti zilikuwa mbili, zimetoka kama moja. Maji yalijaa, yakaanza kumwagika, na yeye alikuwa bado hajageuka, kwa sababu hakujua akigeuka amwangalie yupi kwanza.